Treni ikikwama, nani anampa mama maji? Historia ya kusubiri reli huku kwetu Singida

SEHEMU YA 1: Mgunda Mkali

Mmenizoea kwa mambo ya kliniki, chanjo na lishe. Leo tunaongea reli, na naomba mnivumilie maana ni ndefu, nimeigawa sehemu sita.

Kwa nini nesi aandike kuhusu reli? Kwa sababu mtoto hajui ratiba. Treni ikichelewa masaa sita, yeye bado anataka kunyonya, bado anajisaidia, na kama alikuwa anaharisha bado anaharisha. Kwa hiyo mtu akiniambia treni ilichelewa, swali langu ni moja: waliokuwa wanasubiri walipewa nini? Nimeipitia historia ya reli yetu nikiwa na swali hilo tu.

Tuanze kabla ya reli. Wilaya ya Manyoni na Itigi ya leo ilikuwa njia kuu ya misafara iliyotoka pwani, Bagamoyo, kwenda Tabora. Kipande cha pori kati ya Ugogo na Unyamwezi kiliitwa Mgunda Mkali. Burton na Speke walipita huko mwaka 1857, Stanley akapita 1871, na wote waliandika jinsi wapagazi walivyokiogopa. Tatizo kubwa lilikuwa maji. Unaweza kutembea mchana kutwa usikute hata dimbwi.

Sasa sikia wale wapagazi walifanya nini. Walijua kisima kiko wapi, na kisima kinachofuata kiko umbali gani. Walibeba maji kwenye vibuyu. Walijaza chakula kabla ya kuingia porini. Safari ilipangwa kwa kufuata mwili wa binadamu: anakunywa kiasi gani, anatembea masaa mangapi, anachoka lini. Likumbuke hilo, tutalihitaji mbele.

SEHEMU YA 2: Maji ya kichwa cha treni

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Kwa hiyo huku kwetu, Saranda, Manyoni, Itigi, reli ilipita miaka michache tu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Zaidi ya kilomita 1,200 kwa njia moja tu.

Reli hii haikujengwa kwa ajili ya mama anayempeleka mtoto hospitali. Ilijengwa kubeba mazao, askari na mamlaka ya serikali ya kikoloni. Abiria wa kawaida alikuja baadaye, akapewa daraja la tatu: benchi, na watu wamebanana. Waliokuwa na daraja la kwanza walilala kwenye vyumba na kula mezani.

Kuna jambo moja lilinifanya niweke kitabu chini. Kichwa cha treni ya mvuke kinakunywa maji mengi sana, bila maji hakiendi. Kwa hiyo wakati wa kujenga reli ya mvuke lazima upange: tutapata wapi maji, tangi likae stesheni gani, kutoka tangi hadi tangi ni kilomita ngapi. Yaani ile hesabu ya wapagazi ya visima ilifanywa tena, safari hii kwa ajili ya mashine. Abiria wa daraja la tatu hakuwekwa kwenye hesabu hiyo. Yeye alitegemea bahati, na alitegemea wanawake.

Ndiyo, wanawake. Waliolisha abiria wa reli hii kwa miaka yote ni akina mama wa stesheni, wenye mayai ya kuchemsha, kuku, karanga, ndizi, chai ya chupa, na maji. Ukipita Saranda au Manyoni unajua nachosema. Ni huduma nzuri, lakini ina mipaka miwili. Kwanza inaisha pale pesa yako inapoisha. Pili iko stesheni tu. Treni ikikufa porini katikati ya stesheni mbili, hakuna mama lishe atakayekufikia.

SEHEMU YA 3: Reli ya Singida iliyong'olewa

Hii vijana wengi hawaijui. Miaka ya 1930, wakati wa Mwingereza, lilijengwa tawi la reli kutoka Manyoni kupitia Singida hadi Kinyangiri, ambayo leo iko wilaya ya Mkalama. Mazao ya kubeba hayakutosha kuilipa, na miaka ya 1940 tawi lilifungwa, vyuma vikang'olewa.

Fikiria wewe ni mama wa Kinyangiri wa wakati ule. Umeshazoea kwamba kuna treni. Siku moja hakuna treni, na kesho yake hakuna reli. Huko ndiko kuchelewa kubaya kuliko kote, treni ambayo haitakuja tena. Na uamuzi ulifanywa kwa hesabu ya mizigo.

Mwaka 1948 reli zetu ziliunganishwa na za Kenya na Uganda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mali zikagawanywa na sisi tukabaki na shirika letu, TRC. Ni chini ya TRC ndipo reli ya Manyoni hadi Singida mjini ilijengwa tena. Wakubwa wetu wanaikumbuka. Leo mkazi wa Singida mjini akitaka kusafiri mawazo yake yako kwenye basi, lakini kwa watu wa Manyoni na Itigi treni bado ni treni.

SEHEMU YA 4: Nani anajua, na kwa nini hasemi

Twende kwenye sababu za kuchelewa, maana si haki kulaumu bila kuelewa.

Reli ya Kati ya zamani ni njia moja. Treni mbili zinazokutana zinapishana stesheni tu, mmoja anasimama anamsubiri mwenzake. Kichwa kimoja kikiharibika, kinaziba njia kwa wote walio nyuma na mbele. Ongeza vichwa vichache, mabehewa ya zamani, na mvua.

Mvua hasa. Kati ya Kilosa na Gulwe reli inafuata bonde la Mto Mkondoa, na mto huo haujawahi kuiheshimu reli. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 ziliikata. Mwishoni mwa Desemba 2009 mafuriko yakaisomba tena, na safari za abiria kutoka Dar zikasitishwa kwa miezi. Kilosa iko mbali na sisi, lakini reli ikikatika Kilosa, Itigi inakaa bila treni. Wakati huo uendeshaji ulikuwa mikononi mwa kampuni ya ubia, TRL. Kampuni ya RITES ya India ilikuwa na asilimia 51 na serikali 49, tangu 2007. Ubia ule haukudumu, mwaka 2011 serikali ilichukua tena hisa zote.

Mwezi huohuo wa Desemba 2009, huko Ulaya ilianza kutumika sheria ya haki za abiria wa reli. Treni ikichelewa kuanzia saa moja, unadai robo ya nauli. Ikifika masaa mawili, nusu. Na kampuni inatakiwa ikupe taarifa, na chakula na kinywaji kulingana na muda unaosubiri, pale inapowezekana. Hata wao wanalalamika kila siku kwamba haitekelezwi vizuri. Lakini imeandikwa, mtu ana pa kuanzia.

Sasa nisikilizeni hapa. Kwenye reli ya njia moja, treni haiondoki stesheni hadi ipewe ruhusa kwamba njia ya mbele iko wazi. Vinginevyo zingegongana. Maana yake, kila dakika kuna mtu anayejua treni iko kati ya stesheni gani na gani, na kama imesimama. Anaweza asijue itatengenezwa lini, sawa. Lakini kuambiwa "treni iko Dodoma, haijaondoka, nendeni mkalale" inawezekana. Ilikuwa inawezekana hata enzi za simu ya waya. Kwa hiyo mama anapokaa usiku kucha kwenye sakafu ya stesheni na mtoto mgongoni kwa sababu hakuna aliyemwambia kitu, mafuriko hayahusiki na sehemu hiyo. Mafuriko yamekata reli. Kunyamaza ni uamuzi wa mtu.

SEHEMU YA 5: Igandu, na kwa nini siku nyingine kuchelewa ni uhai

Lazima niliseme hili pia, ili tusidai vitu vibaya.

Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu, mkoa wa Dodoma, treni ya abiria iliyokuwa inapanda mlima ilirudi nyuma, ikashindwa kuzuilika, ikagongana na treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Kuna watoto walioondokewa na wazazi wote wawili siku ile, leo ni watu wazima kama mimi.

Kwa hiyo dereva akisimamisha treni kwa sababu breki hazimridhishi, usimtukane. Mshukuru. Treni kusimama kwa ajili ya usalama ni kama sisi wodini tunapoahirisha upasuaji kwa sababu presha ya mgonjwa iko juu. Ndugu wanakasirika, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Ila na sisi tukiahirisha upasuaji, tunamwendea mgonjwa na kumwambia. Tunamrudishia chakula, maana alikuwa amefunga. Hatumwachi kitandani na njaa hadi kesho eti kwa sababu tulikuwa na sababu nzuri. Sababu nzuri ya kuchelewa haifuti wajibu wa kumhudumia anayesubiri.

SEHEMU YA 6: Reli mpya inakuja, tabia ipi inakuja nayo?

Mwaka 2024 treni ya umeme ya SGR ilianza, Dar hadi Morogoro tarehe 14 Juni, na Dodoma tarehe 25 Julai. Kipande cha Morogoro kinaishia Makutupora, ambayo ni wilaya ya Manyoni, mkoa wetu. Kipande kingine ni Makutupora hadi Tabora. Yaani reli mpya inapita Mgunda Mkali uleule.

Na yenyewe hukwama. Mwisho wa Julai 2024, siku chache tu baada ya kuanza Dodoma, treni ilisimama njiani kwa hitilafu ya umeme, na TRC ikatoa taarifa kwamba uchunguzi wa awali umeonyesha ngedere na bundi kwenye nyaya. Mitandaoni watu walicheka wiki nzima. Mimi sikucheka sana. Shirika limetoa sababu, limeitoa mapema, limeiandika. Kwa reli yenye historia ya kunyamaza, hiyo ni hatua. Hatua inayofuata ni yule aliye ndani ya behewa lililozima feni, mwenye kichanga.

Tuna pa kusemea. LATRA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2019 ikachukua nafasi ya SUMATRA kwenye usafiri wa nchi kavu, reli ikiwemo. Kuna pia baraza la watumiaji, LATRA CCC, ambalo kazi yake ni kututetea sisi abiria. Ukipata tatizo anza kwa mtoa huduma mwenyewe, andika tarehe, treni na saa, tunza tiketi, halafu peleka LATRA. Malalamiko ya mdomo yanaishia stesheni.

Tudai nini? Mimi nadai vitu vinne, na vyote wapagazi wa 1857 walivielewa: taarifa kila saa hata kama ni ileile, maji safi, choo kinachotumika, na kipaumbele kwa wajawazito, watoto na wagonjwa.

Na wakati tunadai, wewe usisafiri mikono mitupu:

- Kichanga chini ya miezi sita anahitaji maziwa yako tu, hata kwenye joto. Anayehitaji maji ni wewe. Kunywa.
- Mjamzito, najua unajinyima maji kwa sababu choo cha treni kinatisha. Usifanye hivyo, utaishia na maambukizi ya mkojo. Simama na tembea kidogo mara kwa mara, usikae miguu imening'inia kutwa.
- Beba pakiti mbili za ORS. Pakiti moja kwa lita moja ya maji safi na salama, ikipita siku moja mwaga.
- Kama una dawa za kila siku, za presha, kisukari au ARV, beba za siku tatu za ziada, na ziwe kwenye mkoba wa mkononi.
- Kadi ya kliniki isikae kwenye begi la chini.
- Mtoto akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea hazinduki, usisubiri treni ifike mwisho. Mwambie mhudumu wa treni mara moja, na shukeni stesheni ya kwanza yenye hospitali. Manyoni ipo, Itigi ipo.

Nimalizie na ombi. Kama mama yako au bibi yako aliwahi kupanda treni ya Manyoni, Itigi au Singida, muulize leo jioni: ilipokwama, mlikula nini, mlilala wapi, nani aliwaambia nini? Muandike majibu yake. Historia ya reli imejaa tarehe za wakubwa na kilomita za vyuma. Ya waliosubiri bado iko vichwani mwa bibi zetu, na umri unakwenda.