Vyuo vya Butembo na Beni: nani aliyevishikilia miaka yote hii?

Tarehe 19 Aprili 2019, siku ya Ijumaa Kuu, watu wenye silaha waliingia katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben mjini Butembo na kumwua daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani kupambana na Ebola. Miezi miwili kabla, vituo vya kutibu Ebola vya Katwa na Butembo vilikuwa vimeshambuliwa. Hospitali hiyo ndiyo wanafunzi wa udaktari wa UCG wanamojifunzia kazi yao. Hata hivyo chuo hakikufa. Ili kuelewa sababu, lazima kurudi nyuma, kabla ya Ebola na hata kabla ya vita.

Mwaka 1971 Mobutu alivikusanya vyuo vikuu vitatu vya nchi, cha Kinshasa, cha Lubumbashi na cha Kisangani, akavifanya kimoja, UNAZA, chini ya mkono wa serikali. Mwaka 1981 vilitenganishwa tena, lakini kwa mzazi wa Beni au Lubero hakikubadilika kitu. Mtoto aliyepata diploma ya sekondari ilibidi aende Kisangani kwa barabara iliyokuwa ikiliwa na msitu mwaka hadi mwaka, ama apande ndege kwenda mbali zaidi. Wengi walibaki nyumbani. Wasichana ndio waliobaki zaidi, maana mzazi mwenye nauli ya mtoto mmoja alimchagua mvulana.

Mwaka 1989, serikali ilipoanza kuruhusu vyuo vikuu visivyo vyake, Askofu Emmanuel Kataliko hakungoja. Alikuwa ameongoza dayosisi ya Butembo-Beni tangu 1966, na watu walishazoea kumwona akihimiza kazi ambazo kwingine zingeitwa kazi za serikali. UCG ilizaliwa mwaka huohuo. Jina Graben ni neno la Kijerumani ambalo wataalamu wa ardhi hulitumia kwa Bonde la Ufa, lile linalokata nchi kati ya milima yetu na Ruwenzori. Chuo kilianza na kinachogusa maisha ya hapa, na hadi leo kilimo, mifugo na udaktari vina nafasi kubwa ndani yake. Nguvu yake ilikuwa mifuko ya watu: wakristo wa parokia, wakulima wa kahawa, na wafanyabiashara wa Butembo ambao tayari walikuwa wakileta mali kupitia Kasindi na Uganda.

Bila kujua, watu walikuwa wamejiandaa kwa kilichokuja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mishahara ya waalimu ilipotea kabisa. Wazazi kote nchini wakaanza kulipa wao wenyewe ile pesa inayoitwa prime ili mwalimu asiliache darasa. Ilikuwa dawa ya muda, lakini ilidumu zaidi ya miaka ishirini na mitano, hadi serikali ilipotangaza mwaka 2019 kwamba shule za msingi ni bure. Kwenye vyuo hakuna aliyetangaza chochote. Huko minervali ndiyo inayowasha taa.

Kisha vita. Mwaka 1996 AFDL ilipita, mwaka 1998 RCD ikaanza, na baadaye Beni ikawa makao ya RCD-K/ML ya Mbusa Nyamwisi, na Kinshasa ikawa kama nchi nyingine. Kataliko mwenyewe, aliyekuwa askofu mkuu wa Bukavu tangu 1997, alizuiwa na RCD kurudi Bukavu mwezi wa pili mwaka 2000 kwa sababu ya maneno yake makali juu ya wanaoitafuna nchi. Akaishi uhamishoni Butembo, katika mji uleule wa chuo alichokianzisha. Aliruhusiwa kurudi mwezi wa tisa, na tarehe 4 Oktoba akafariki Roma. Mwanzoni mwa 2001 Butembo, mji uliozungukwa na makundi yenye silaha, ilipokea mkutano wa kimataifa wa amani. Padri Apollinaire Malu Malu, aliyewahi kuwa rekta wa UCG na ambaye nchi nzima ilikuja kumjua kwenye tume ya uchaguzi ya 2006, alikuwa kati ya walioubeba.

Beni ilifuata njia yake. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili, UCBC, kilifungua milango chini ya Mprotestanti David Kasali, aliyerudi nyumbani baada ya kuongoza chuo cha teolojia Nairobi. Masomo ni kwa Kifaransa na Kiingereza, na kila mwanafunzi anatakiwa kufanya kazi za mikono chuoni. Kwa mtoto aliyefundishwa kwamba diploma ni ya kumwokoa na jembe, hilo ni somo gumu.

Lakini miji yetu inapenda kujisifu kwamba inajitegemea, na sifa hiyo inaficha jambo moja. Chuo kinachoishi kwa minervali kinaishi kwa shamba. Wazazi wengi wa Beni wanasomesha kwa kakao na kahawa. Wa Lubero kwa viazi, maharagwe na kabichi. Tangu mauaji ya Beni yalipoanza mwezi wa kumi mwaka 2014, mashamba ya upande wa Mbau na Eringeti yamekuwa mahali pa kufia. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipita dola 10,000 kwa tani, bei ambayo haijawahi kuonekana, na wakati huohuo wenye miti ya kakao waliogopa kwenda kuvuna. Wengine walikwenda, wakauawa na ADF wakiwa na mapanga yao ya kuvunia. Hakuna mkuu wa chuo anayeweza kupanga bajeti juu ya hesabu kama hiyo.

Vyuo vimejifunza kuinama. Minervali hulipwa vipande vipande, na mtihani husogezwa siku za mji kufungwa. Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kuisha tarehe 25 Juni 2020 ikiwa imewaua watu 2,287, haikufunga masomo nchi nzima. Wanafunzi walinawa mikono kwa maji ya klorini mlangoni wakaingia. Korona, ambayo hapa haikuua kwa kiasi hicho, ndiyo iliyofunga kila darasa la nchi kuanzia Machi 2020. Na Aprili 2021 wanafunzi wa shule za Beni walihamia uwanja wa meya, wakalala hapo, wakidai rais aje aone mauaji kwa macho yake. Waliondolewa kwa nguvu. Muda mfupi baadaye ukaja utawala wa kijeshi.

Kusema kwamba watu hawa ni wavumilivu ni kweli, lakini serikali pia imejua kuutumia uvumilivu huo. Kila chuo kilichosimama bila pesa ya Kinshasa kimekuwa sababu ya kutotuma pesa.

Sasa mambo yamegeuka tena. Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza mwaka 2025, serikali ya mkoa ilihamia Beni, benki za Goma zikafungwa, na barabara ya Butembo kwenda Goma ikakatwa na mstari wa vita katika Lubero. Familia zilizokimbia kutoka kusini zimeleta wanafunzi wenye nusu ya masomo na bila karatasi, kwa sababu karatasi zao zimebaki katika ofisi za upande wa pili. Wazazi wao hawana shamba huku, wala ndugu wa kuwakopesha. Minervali yao ya mwaka huu bado haijulikani itatoka wapi.