Karatasi Iliyotiwa Weusi

"Mjukuu wangu anasema huko Austin wameleta bili mpya elfu na maelfu," aliniambia mama mmoja mzaliwa wa Uvira, jirani yangu hapa Houston. "Sasa mwanangu, ni bili za maji ao za umeme?"

Nilicheka, naye akacheka, lakini swali lake halikunitoka kichwani siku nzima. Mjukuu hakukosea. Kwa Kiingereza, karatasi inayodai pesa za maji na karatasi inayoomba kuwa sheria zina jina moja. Wanaofuatilia asili ya maneno hulirudisha jina hilo kwenye bulla ya Kilatini, yaani muhuri uliobandikwa kwenye hati, na ndiko lilikotoka hata jina la waraka wa Papa. Sisi Waswahili tuliipokea mizigo hiyo miwili kwa milango tofauti. Bili tukawaachia watu wa maji na wahudumu wa hoteli. Ile ya bungeni tukaipa neno la Kiarabu, muswada. Kwa hiyo jibu lilikuwa jepesi: si bili, mama, ni miswada ya bunge la Texas. Ugumu ulianza aliponiuliza, muswada ndio nini?

Muswada ni kitu kilichotiwa weusi. Mzizi wake ni ule ule tunaoukuta katika habasoda, ile mbegu nyeusi ambayo bibi zetu wa Tanga waliamini inatibu kila kitu isipokuwa mauti. Mwandishi wa Kiarabu alipoanza kazi aliichafua karatasi kwa wino, akakata, akaongeza pembeni, akakata tena. Karatasi hiyo iliyosawijika ndiyo musawwada. Baadaye aliketi akanakili upya kwa mwandiko safi, na nakala ile ya pili ikaitwa kwa neno linalotokana na weupe. Kiswahili kilichukua nyeusi, nyeupe kikaiacha sokoni. Tena tukaidhania ile mu- ya mwanzo kuwa kiambishi cha ngeli, tukazaa wingi, miswada, na Wakenya wakaifupisha kabisa wakasema mswada, kama mtu asemavyo mti au mto. Hadi leo mwandishi wa riwaya anayepeleka kazi kwa mchapishaji na waziri anayepeleka sheria bungeni wote wamebeba muswada. Mimi napenda iwe hivyo. Neno lenyewe linamkumbusha msomaji kwamba wino bado mbichi.

Nasema hivyo nikiwa na deni. Zamani, nikiwa mfasiri kwenye chumba cha habari, niliandika kichwa kilichodai kuwa jimbo moja la Marekani "lapiga marufuku" jambo fulani. Kumbe mjumbe mmoja alikuwa amekabidhi karatasi tu. Haikusomwa hata mara moja. Ndiyo maana safari hii, nilipoanza kumwandalia mama orodha ya miswada hiyo kwa Kiswahili, nilipima kila neno.

Hapo kwenye "jimbo" nako pana mtego. Mtanzania akisikia jimbo anafikiria eneo la mbunge mmoja: jimbo la Ubungo, jimbo la Mtama. Mkenya mwenye umri wangu anakumbuka siasa za majimbo za mwaka 1963 na ugomvi wake wote. Texas si hili wala lile. Ina katiba yake, gavana wake, maseneta 31 na Baraza la Wawakilishi lenye watu 150. Jina hilo la baraza nalo humpeleka Mzanzibari moja kwa moja hadi Chukwani, kwenye baraza la kwao. Sina dawa. Naandika "bunge la jimbo la Texas" kwa ukamilifu mara ya kwanza, kisha naomba Mungu.

Neno lililonisumbua zaidi ni lile la mwanzo kabisa, tendo la kuupeleka muswada. Kwetu tunasema umewasilishwa, umefanywa uwasili, na picha inayokuja ni ya waziri aliyesimama na Spika kitini. Texas mambo hayaanzi hivyo. Bunge hilo hukutana mwaka usiogawanyika kwa mbili, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari, kwa siku zisizozidi 140. La 89 lilianza Januari 14, 2025. Lakini miswada yake ilianza kupokelewa Novemba 12, 2024, ukumbi ukiwa mtupu na baadhi ya wajumbe wakiwa ndio kwanza wamechaguliwa. Umewasilishwa kwa nani basi, kwa viti? Karatasi inapelekwa kwa katibu, inapigwa namba, inawekwa kwenye kumbukumbu. Kiswahili cha ofisini kina neno zuri la mahali kama hapo, ambalo vijana wanaliacha lizeeke: masijala. Muswada umeingia masijala. Ndivyo nilivyoandika, na mpaka mlango wa siku 60 ulipofungwa, Machi 14, ilikuwa imeingia zaidi ya 8,000.

Fungua mmoja uutazame. Kushoto mistari imepigwa namba, kama daftari la mkaguzi. Juu kuna jina la mjumbe na namba ya muswada. Namba ndogo ndogo hutengewa mambo wanayoyataka wakubwa wa kila baraza, kwa hiyo ukiona namba 2 ujue kuna mkono mzito nyuma yake. Kisha linakuja neno moja ambalo kila muswada unaanzia, nami nimelitafsiri "kuhusu": kuhusu mikopo fulani, kuhusu leseni fulani. Chini yake ndiko kwenye uzuri. Maneno mapya yamepigiwa mstari. Maneno ya sheria ya zamani yanayotakiwa kuondoka yamefungwa kwenye mabano na kukatwa katikati, lakini hayakufutwa. Unayasoma bado. La zamani na jipya yamekaa ubavu kwa ubavu, kama mke mkubwa na mke mdogo kwenye picha ya harusi. Musawwada wenyewe huo, weusi juu ya weusi, na sidhani kama kuna aliyewaambia watu wa Austin maana ya neno letu.

Katiba yao inautaka muswada uwe na jambo moja tu, ukiacha ule wa matumizi ya fedha. Niliposoma hilo nilikumbuka jina ambalo Mtanzania yeyote anayefuatilia Dodoma analijua: Muswada wa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali. Hilo "mbalimbali" ni kapu. Unatia vitunguu, sabuni na viatu. Austin kapu lenyewe lingenyanyuliwa hoja ya utaratibu kabla halijatua. Lakini nisilitukane kapu sana, kwa sababu Kiswahili kilipofanywa kuwa lugha ya sheria za Tanzania mwaka 2021, kiliingia humo humo, ndani ya marekebisho ya sheria mbalimbali. Kabla ya hapo wabunge walijadili kwa Kiswahili karatasi iliyoandikwa Kiingereza, na mwananchi aliyesikiliza redioni hakuwa na namna ya kuzilinganisha.

Kusomwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu: hapo hatuna shida, maana msemo tunao na utaratibu tunao, sote tumeurithi kwa Waingereza wa enzi ambayo nakala zilikuwa chache na wajumbe walihitaji kusikia kwa masikio. Texas katiba inataka siku tatu tofauti, isipokuwa wanne kwa kila watano wakikubali kuiruka kanuni. Kinachosomwa ni kile kichwa tu, kile cha "kuhusu". Dodoma ni hivyo hivyo. Ni usomaji usiosomwa.

Gavana naye ana lake, nalo lina pacha kwetu. Siku 60 za mwanzo bunge haliruhusiwi kupitisha miswada ya kawaida, ila ile inayogusa mambo ambayo gavana ameyatangaza kuwa ya dharura. Mwaka 2025 Gavana Greg Abbott alitangaza mambo saba, yakiwamo kodi ya majengo, mishahara ya walimu na maji. Ukisikia dharura unadhani kuna moto unawaka; walimu wa Texas wamekuwa wakilalamikia mishahara miaka na miaka. Nilishawishika kutafuta neno la upole, kisha nikakumbuka ile hati ya dharura ya kwetu, nayo huwa na haraka ya mwenye kuileta kuliko ya moto. Nikaacha dharura kama ilivyo.

Mjumbe anayeupeleka muswada wanamwita mwandishi wake, ingawa mara nyingi wanaouandika ni wanasheria wa bunge. Akiupeleka baraza la pili, anayeubeba huko anaitwa mdhamini, na Mswahili akisikia mdhamini anaona mtu kaenda polisi kumtoa ndugu. Nimewaita wote wawili mwenye muswada. Inatosha.

Ila kuna sehemu moja Wateksasi wametuzidi. Mwananchi yeyote anaweza kwenda kusema mbele ya kamati. Kule kwenye jumba la bunge la mawe mekundu lililokamilika mwaka 1888, anajiandikisha kwenye tableti, na tableti inamuuliza: unaunga, unapinga, au? Hiyo "au" ya tatu kwao ni neno dogo sana, kihusishi kitupu, maana yake mtu amekuja kusema juu ya muswada bila kuchukua upande. Nilihangaika nayo juma zima. "Sina upande" inamfanya aonekane hajali. "Mtaalamu" si kweli. Mwishowe nikaandika "kuuzungumzia", na mama wa Uvira ndiye aliyenihakikishia: "Ee, kuuzungumzia. Kama wazee kwenye baraza kabla ya kuamua."

Kilichobaki ni vifo. Gavana akikataa kutia saini, magazeti yetu huandika kura ya turufu, na hapo huwa natabasamu. Turufu tuliipata kwa Wareno pamoja na karata zenyewe, na kopa, uru, shupaza na pau. Kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ambako watu wanapiga kura, msemo umekaa. Gavana hapigi kura. Anangoja mchezo uishe, wenzake wameshafunga virago kwenda makwao, ndipo anatupa karata: anazo siku 20 baada ya bunge kumaliza. Juni 17, 2001, Siku ya Akina Baba, Gavana Rick Perry aliitupia miswada zaidi ya 70 kwa siku moja. Mara ya mwisho bunge hilo kuweza kuipindua turufu ya gavana ilikuwa mwaka 1979. Naandika "turufu ya gavana", kura naitoa.

Lakini miswada mingi haifiki hata kwa gavana. Juni 2, 2025 bunge lilipoahirishwa, iliyokuwa imepita ni takriban 1,200. Iliyobaki haingoji kikao kijacho. Ikirudi, inarudi na namba mpya kama mtoto mwingine. Kwa Kiingereza wanasema muswada umekufa ndani ya kamati, nami nikaona Kiswahili kina kitu bora zaidi, kitenzi kinachokufa na mahali pake ndani: kufia. Nikakaa na orodha ile, nikaandika mbele ya mstari mmoja baada ya mwingine, umefia kamatini, umefia kamatini.

Mama aliupata ukurasa wa kwanza, akatafuta muswada wa shule aliokuwa ameufuatilia kwa ajili ya wajukuu, akanipigia.

"Umefia kamatini," akasoma polepole. Akanyamaza kidogo. "Pole. Na aliyefiwa ni nani, mwanangu?"