Sarafu za Tembo na za Msalaba: Usizisugue

Faranga 2 za Kongo ya Wabelgiji, zenye pembe sita na picha ya tembo, zilipigwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1943, wakati mji wetu wa Kalemie ukiitwa Albertville. Faranga za Katanga za 1961 zina ndizi upande mmoja, msalaba wa shaba upande wa pili.

Rangi ya kahawia juu yake si uchafu; hiyo ndiyo kinga ya shaba. Limau, majivu na dawa ya meno huiondoa, na mkwaruzo kwenye mkonga wa tembo haufutiki kamwe. Udongo uloweshe tu katika maji yaliyokenekwa, kisha gandamiza kwa pamba laini. Ishike sarafu ukingoni. Unyevu wa Ziwa Tanganyika ukifika mtaa wa Katanika hapa Kalemie, ihifadhi pakavu.