Maumivu ya kiuno na kifandugu katika miezi ya mwisho ya ujauzito

Maumivu ya kiuno ni miongoni mwa malalamiko yanayosikika mara kwa mara katika kliniki za wajawazito, iwe ni Mwanza, Mombasa, Muscat au London. Katika miezi mitatu ya mwisho, baadhi ya wanawake hupata pia maumivu ya kifandugu, yaani kifupa kidogo kilicho mwisho kabisa wa uti wa mgongo. Mara nyingi maumivu hayo si ishara ya hatari kwa mama wala kwa mtoto, na yanaweza kupunguzwa kwa njia rahisi.

Hata hivyo, desturi ya kumwambia mjamzito avumilie tu ina madhara mawili. Humwacha ateseke pasipo sababu, na huweza kuficha dalili za maradhi yanayohitaji matibabu ya haraka.

Chanzo cha maumivu

Kadiri mimba inavyokua, uzito wa tumbo huvuta mwili mbele. Ili asianguke, mjamzito huegemea nyuma bila kujua, na misuli ya kiuno hulazimika kufanya kazi zaidi. Wakati huohuo misuli ya tumbo, ambayo kwa kawaida husaidia kuushikilia mgongo, hutanuka na kupungua nguvu.

Aidha, homoni za ujauzito, mojawapo ikiwa rilaksini, hulegeza kano zinazoshikilia mifupa ya nyonga ili njia ya uzazi iweze kutanuka. Ulegevu huo una faida wakati wa kujifungua, lakini hufanya maungo ya nyonga na kifandugu yacheze kuliko kawaida. Mtoto anapoteremka katika wiki za mwisho, kichwa chake huongeza mgandamizo katika eneo hilo. Mwanamke aliyewahi kuanguka na kuumia kifandugu anaweza kuhisi maumivu zaidi.

Kufunga choo nako huzidisha maumivu ya kifandugu. Vidonge vya madini ya chuma vinavyotolewa kliniki huweza kuchangia tatizo hilo. Mjamzito hashauriwi kuviacha, kwani vinamkinga na upungufu wa damu. Anachotakiwa ni kunywa maji ya kutosha, kula mboga za majani, matunda na nafaka zisizokobolewa, na kumweleza mkunga iwapo tatizo linaendelea.

Namna ya kukaa na kulala

Maumivu ya kifandugu huongezeka mtu anapokaa kwa muda mrefu, hasa akiwa ameegemea nyuma, na pale anapoinuka. Inafaa mjamzito akae wima au ainame mbele kidogo, ili uzito uwe juu ya mapaja na si juu ya kifandugu. Mto wenye pengo upande wa nyuma husaidia. Asiye nao anaweza kukunja taulo mbili, akaziweka moja chini ya kila paja na kuacha nafasi katikati.

Kigoda kifupi na sakafu ngumu havifai kukaliwa kwa muda mrefu. Anayefanya kazi ofisini, au anayesafiri safari ndefu kwa basi au gari, ajitahidi kusimama na kutembea kidogo kila baada ya nusu saa, au kila anapopata nafasi. Wakati wa kuinuka, asogee kwanza hadi ukingo wa kiti, ainame mbele, kisha ajisukume kwa miguu.

Usiku, kulala ubavu huku mto ukiwa katikati ya magoti hupunguza mvuto katika kiuno na nyonga. Kuanzia wiki ya 28 inashauriwa mjamzito aanze usingizi akiwa amelala ubavu, kulia au kushoto, kwa kuwa tafiti zimehusisha kulala chali katika kipindi hicho na ongezeko la hatari ya mtoto kufia tumboni. Akiamka na kujikuta chali, hana haja ya kuingiwa na hofu; ageuke tu. Anapogeuka au kutoka kitandani, abane magoti pamoja na kuinuka kwa upande, akisaidiwa na mikono.

Kazi na mazoezi

Kuinama kwa muda mrefu wakati wa kufagia, kudeki au kufua huumiza kiuno. Ufagio wenye mpini mrefu, na beseni lililowekwa juu ya meza, hupunguza mzigo huo. Kitu kikiwa chini, mjamzito akunje magoti badala ya kupinda mgongo. Ndoo kubwa za maji ni kazi ya kusaidiwa na wengine wa nyumbani, na jambo hili linawahusu waume pia.

Kupumzika kitandani kutwa nzima hakuponyi kiuno. Katika mapendekezo yake ya mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilishauri mazoezi ya mara kwa mara katika kipindi chote cha ujauzito ili kuzuia maumivu ya kiuno na nyonga. Kutembea kwa mwendo wa wastani au kuogelea kunatosha. Zoezi jingine ni kupiga magoti na kushika sakafu kwa viganja, kisha kuupandisha mgongo juu taratibu na kuurudisha ukiwa umenyooka, mara kadhaa. Zoezi lolote linaloongeza maumivu liachwe.

WHO pia inautaja ukanda wa kushikilia nyonga na tiba ya viungo miongoni mwa njia za kutuliza maumivu. Ukanda huo hupita chini ya tumbo na kuzunguka nyonga. Haufanani na mkaja unaofungwa baada ya kujifungua, na tumbo lenye mimba halipaswi kukazwa. Kitambaa chenye joto la wastani kikiwekwa kiunoni kwa dakika kama 10 huleta nafuu. Kukandwa mgongo taratibu kunaweza kusaidia, lakini tumbo lisikandamizwe.

Tahadhari kuhusu dawa

Diklofenaki na ibuprofeni hupatikana kwa urahisi katika maduka mengi ya dawa, na wengi huzitumia kwa maumivu ya mgongo. Kwa mjamzito, zina hatari. Mwezi Oktoba mwaka 2020, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba kuzitumia kuanzia wiki ya 20 kunaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka tumboni. Katika miezi ya mwisho zinaweza pia kubana mshipa muhimu wa damu ulio karibu na moyo wake. Dawa za kupaka zenye viambato hivyo zisitumiwe bila ushauri wa daktari.

Parasetamoli ndiyo inayopendekezwa kwa kawaida, kwa kiasi kidogo kinachotosha na kwa muda mfupi, baada ya kumuuliza mhudumu wa afya. Mjamzito aliyeandikiwa aspirini ya kiwango kidogo na daktari asiiache bila kumwona.

Dalili zisizopaswa kuvumiliwa

Mjamzito afike hospitalini bila kuchelewa iwapo maumivu ya mgongo:

- yanakuja na kuondoka kwa vipindi kabla ya wiki ya 37, kwani huenda ni uchungu wa mapema;
- yanaambatana na kutokwa damu au maji ukeni, au tumbo kuwa gumu na kuuma mfululizo;
- yanaambatana na homa, au maumivu wakati wa kukojoa, dalili za maambukizi ya njia ya mkojo au figo;
- yanaleta ganzi katikati ya mapaja, udhaifu wa miguu, au kushindwa kukojoa au kuzuia haja;
- yanatokea pamoja na kichwa kuuma sana, kuona ukungu au maumivu chini ya mbavu, dalili zinazoweza kutangulia kifafa cha mimba;
- yanatokea wakati mtoto amepunguza kucheza.

Mwenye ugonjwa wa selimundu asidhani kwamba kila maumivu ya mgongo ni ya mimba. Yanaweza kuwa mwanzo wa shambulio la ugonjwa huo, na anahitaji kuonwa mapema.

Wakati wa kujifungua na baadaye

Mwenye maumivu ya kifandugu amjulishe mkunga kabla ya siku ya kujifungua. Mtoto anapopita, kifandugu husogea nyuma. Kulala chali hukibana dhidi ya kitanda, ilhali kulala ubavu au kupiga magoti hukipa nafasi.

Kwa wanawake wengi maumivu hupungua katika wiki au miezi inayofuata. Yakiendelea kumzuia mama kukaa, kunyonyesha au kufanya kazi zake, arudi kituo cha afya. Maumivu hayo yana tiba, na kujifungua salama si sababu ya kuyanyamazia.