Magari ya familia ya Waingereza yaliyoongezwa nguvu, na barabara za Afrika Mashariki zilizoyapima

Msomaji anayeishi Sofu, mjini Kibaha, akitoka hadi Barabara ya Morogoro na kuhesabu magari madogo kwa saa nzima, Toyota zitamchosha kuhesabu, na gari la Kiingereza anaweza asilione hata moja. Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 1972 mashindano ya East African Safari yalianzia Dar es Salaam, takriban kilometa 40 kutoka hapo, na gari lililotwaa ushindi lilikuwa Ford Escort RS1600 kutoka Uingereza. Kwa umbo lilikuwa gari lilelile ambalo karani au mwalimu wa London alilinunua kupeleka watoto shuleni. Tofauti ilikuwa chini ya boneti.

Gari la namna hiyo lina historia yake. Kiwanda huchukua gari la kawaida la familia, lenye viti vinne na buti, kikaliachia bodi yake, kisha kikabadilisha injini, breki na springi. Mteja hupata mwendo wa gari la michezo bila kuacha familia nyumbani. Kiwanda nacho hupata jina, kwa maana gari linaloshinda Jumapili huuzika Jumatatu.

Waingereza walianza biashara hiyo kwa unyenyekevu. Katika miaka ya 1950 Ford ya Dagenham ilikuwa na Zephyr, gari la silinda sita, na ndugu yake wa kifahari Zodiac. Aliyetaka mwendo zaidi alinunua silinda hedi ya Raymond Mays akafungiwa na fundi. Kampuni nyingine zilipenda njia rahisi zaidi ya kubandika nembo: gari moja liliweza kuuzwa kama Austin, Morris, Wolseley, Riley au MG, na lile la MG likapewa kabureta mbili ili lisiaibishe jina lake. Mwaka 1961 Vauxhall ilitoa VX 4/90, na mwaka huohuo ikaja Mini Cooper ya cc 997, iliyochorewa ramani ya ushindi na fundi wa magari ya mbio, John Cooper.

Kwa upande wetu, mashindano yalizaliwa mwaka 1953 yakiitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hayakuwa mashindano ya magari ya mbio. Wakulima, wafanyabiashara na wauza magari walikuja na magari yao ya kila siku, wakashindana na tope, vumbi, mito iliyofurika na wanyama. Mwaka 1955 Vic Preston alishinda kwa Ford Zephyr, lakini katika miaka iliyofuata Wajerumani ndio waliotamba, kwa DKW, Volkswagen na Mercedes-Benz. Waingereza walikuwa wameuza magari mengi hapa kuliko wote, na bado walishindwa kuthibitisha kuwa magari hayo yanafaa barabara zetu.

Jibu lilikuja na Cortina. Ford iliizindua mwaka 1962, ikiipa jina la mji wa milimani wa Italia uliokuwa mwenyeji wa Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 1956. Lilikuwa gari jepesi, la bei nafuu, lenye injini ya cc 1,198 ambayo haikumtisha mtu. Mwaka 1963 wakaongeza aina mbili ambazo hadi leo wapenzi wa magari huzichanganya.

Ya kwanza ni Cortina GT. Injini yake ilikuwa cc 1,498, kabureta aina ya Weber yenye midomo miwili, ekzosi iliyotengenezwa upya, na breki za diski mbele. Nguvu yake ilifika farasi 78. Nyuma iliachiwa ekseli ngumu juu ya springi za bapa, kama zile za pikapu.

Ya pili ni Lotus Cortina, iliyofungwa katika karakana ya Colin Chapman. Hii ilikuwa na injini ya cc 1,558 yenye kamshafti mbili juu ya hedi, farasi 105, milango na vifuniko vya alumini, na rangi nyeupe yenye mstari wa kijani. Kanuni za mashindano zilitaka magari 1,000 yatengenezwe kabla ya aina hiyo kukubaliwa, na hiyo ndiyo sababu hasa ya gari hili kuwepo madukani. Chapman, ambaye hakuwahi kuogopa kuondoa kitu alichoona ni kizito, alitupa springi za bapa akaweka za koili pamoja na mkono wa chuma ulioshikizwa chini ya difu. Mkono huo ulilegeza boliti za difu na kuvujisha mafuta. Mwaka 1965 Ford waliuondoa wakarudisha springi za bapa za GT.

Kisa hicho cha springi kinaeleza mengi kuliko orodha ya vikombe. Pasaka ya mwaka 1964 Ford ilipeleka kwenye Safari Cortina GT, ile nyepesi kueleweka. Mmoja wa madereva wake alikuwa Peter Hughes wa Kenya, pamoja na msoma ramani wake Billy Young, ambao mwaka uliotangulia walishika nafasi ya pili kwa Ford Anglia. Huo wa 1963 ulikuwa mwaka wa tope jingi, na magari yaliyomaliza yalikuwa saba tu. Safari hii Hughes na Young walishinda, Cortina nyingine ikashika nafasi ya tatu, na Ford ikachukua pia kikombe cha timu. Katikati yao aliingia Erik Carlsson wa Sweden kwa Saab, akisomewa ramani na Gunnar Palm. Jina la Palm likumbukwe, litarudi. Kutoka Marekani zilikuja Mercury Comet, zenye injini kubwa za silinda nane, lakini nguvu hizo zote hazikuzifikisha hata karibu na ushindi.

Kwa maoni ya mwandishi, huo ndio ushindi mkubwa kuliko wote wa gari la familia la Kiingereza katika ardhi yetu, kwa sababu GT ile iliweza kununuliwa na mtu wa kawaida mwenye mshahara mzuri. Aliyefuata baada yake alikuwa Joginder Singh mwaka 1965, kwa Volvo.

Ni haki pia kusema kwamba bingwa mkubwa wa Tanzania hakuhitaji gari la Kiingereza. Bert Shankland, Mskoti aliyefanya makazi yake Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na 1967 akiwa na Chris Rothwell, wote wakiwa ndani ya Peugeot 404 ya Mfaransa. Mini Cooper S, iliyoshinda Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967, haikuwahi kushinda Safari. Tumbo lake lilikuwa karibu mno na ardhi.

Huko Uingereza aina ziliongezeka. Mwaka 1967 ilitoka Cortina 1600E, yenye injini ya GT, springi fupi za Lotus na dashibodi ya mbao: gari la meneja anayependa kukanyaga mafuta. Mwaka 1968 ikaja Escort, ndogo kuliko Cortina, na papo hapo injini ya Lotus ikatiwa ndani yake ikaitwa Escort Twin Cam. Mwaka 1970 Ford ilifungua kiwanda maalumu huko South Ockendon kwa ajili ya magari ya aina hiyo pekee. Moja kati ya hayo ni RS1600, iliyobeba injini iliyobuniwa na Cosworth, yenye valvu 16 na kamshafti zinazozungushwa kwa mkanda badala ya cheni. Ikiwa mpya dukani ilitoa farasi 120.

Mwaka huohuo Hannu Mikkola wa Finland na Gunnar Palm walishinda mashindano marefu ya London hadi Mexico kwa Escort. Jambo la kuvutia ni kwamba kwa safari hiyo Ford waliacha injini za kamshafti mbili, wakachagua injini ya kawaida iliyopanuliwa, ambayo fundi wa kijijini angeweza kuitengeneza. Escort Mexico iliyouzwa baadaye ilitokana na ushindi huo.

Ndipo ukaja mwaka 1972 na mwanzo wa Dar es Salaam. Mikkola na Palm, safari hii na RS1600, wakawa madereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda Safari. Zasada wa Poland alikuwa wa pili kwa Porsche, na Escort za Vic Preston mdogo na Robin Hillyar zikawa ya tatu na ya nne. Hadi hapo wenyeji waliamini kuwa mgeni hawezi kuzijua barabara hizi.

Lakini Wajapani walikuwa wamekwisha kujifunza. Datsun 1600 SSS iliyoshinda mwaka 1970 ilikuwa gari la familia lenye kabureta mbili, yaani mapishi yaleyale ya Dagenham yakipikwa Yokohama. Datsun ilishinda tena 1971 na 1973, Mitsubishi Lancer 1974 na 1976. Escort ilirudi mara moja tu, mwaka 1977, RS1800 ikiendeshwa na Björn Waldegård. Mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa.  Tanzania iliingia katika uhaba wa fedha za kigeni, vipuri vya Cortina vikawa adimu, na biashara ilipofunguliwa miaka ya 1980 magari yaliyoingia kwa wingi yalikuwa yale yaliyotumika Japani.

Uingereza iliendelea. Triumph Dolomite Sprint ya mwaka 1973 ilikuwa na valvu 16, Sierra Cosworth yenye buti ilitoka mwaka 1988 na farasi 204, na mwaka 1990 Lotus iliipa Vauxhall Carlton farasi 377, ingawa gari lenyewe kwa asili lilikuwa Opel ya Ujerumani. MG Rover, kampuni kubwa ya mwisho ya Waingereza wenyewe, ilifilisika Aprili 2005. Utaalamu wa karakana haukufa nayo. Subaru Impreza zilizoshinda Safari mwaka 1997 na 2000 zilijengwa na Prodrive huko Banbury, Uingereza. Na Ford Focus ya Colin McRae, iliyoshinda mwaka 2002, ilitoka karakana ya M-Sport, Cumbria. Baada ya mwaka huo Safari iliondolewa katika ratiba ya ubingwa wa dunia, ikarudi mwaka 2021, na mshindi akawa Sébastien Ogier akiendesha Toyota.