Kwa nini kibodi ilikubali na waifai ikagoma

Leo tuangalie historia kidogo. Aliyewahi kuweka Linux kwenye laptopu ya mtumba ya miaka ya 2000 anajua mambo yalivyokuwa: kibodi inaandika mara moja, waifai haionekani kabisa. Wengi walidhani Linux ni mbovu. Lakini kisa chenyewe ni kwamba kanuni za kibodi zilikuwa wazi, na za kadi ya waifai zilifichwa.

Tuanze na kibodi. Mwaka 1984 IBM ilitoa kompyuta ya AT pamoja na kitabu cha ufundi kilichoeleza jinsi kibodi inavyowasiliana na mashine. Kampuni nyingine zikaiga. Hadi leo, laptopu nyingi zikiwaka, Linux inaitambua kibodi kama "AT Translated Set 2 keyboard". Linus Torvalds alipotoa Linux ya kwanza Septemba 1991 kule Helsinki, ilijua mpangilio mmoja tu, wa Kifini. Lakini kwa kuwa hakukuwa na siri, watu wakaongeza ya kwao. Sasa orodha ina Kiswahili cha Kenya, cha Tanzania, na Kikuyu chenye ĩ na ũ.

Ndiyo maana matatizo mengi ya kibodi ni ya mpangilio tu:

- Laptopu imetoka Uingereza, unabonyeza " inatoka @? Andika: setxkbmap gb
- Unaandika ng'ombe unapata ngómbe? Umechagua mpangilio wa kimataifa wa Marekani, unaogeuza ritifaa kuwa mkazo juu ya irabu. Andika: setxkbmap us
- Herufi u, i, o zinatoka 4, 5, 6? Zima Num Lock.

Sasa waifai. Kanuni za 802.11b za mwaka 1999 zilieleza jinsi mawimbi yanavyosafiri hewani. Jinsi ya kuiamuru kadi yenyewe ilibaki siri ya kampuni. Machi 2003 Intel ilizindua Centrino, waifai ikawa ndani ya laptopu, lakini draiva yake ya Linux ilikuja mwaka 2004. Kwa kadi za Broadcom ilikuwa taabu zaidi. Mwaka 2003 ilikuja ndiswrapper, ujanja wa kuendesha draiva ya Windows ndani ya Linux. Wengine wakajigawa makundi mawili: moja lilichambua draiva ya kampuni na kuandika maelezo, la pili likatunga draiva mpya kwa kusoma maelezo hayo tu. Kazi yao iliingia Linux 2.6.17, Juni 2006.

Hata hivyo kadi ilihitaji programu ndogo ya kupakiwa ndani yake, na hiyo haikuruhusiwa kusambazwa pamoja na Linux. Ilibidi uitoe kwenye draiva ya Windows, na draiva hiyo uipate kwenye intaneti.

Hapo ndipo mtu wa Mbololo alipoumia. Bila waifai hakuna faili, bila faili hakuna waifai. CD za Ubuntu zilikuja bure kwa posta hadi 2011, lakini faili hiyo haikuwamo. Kebo za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo intaneti ilitegemea setilaiti na ilikuwa ghali. Kwa hiyo ni matatu hadi Voi, saiba, flashi, kurudi Mbololo, kugundua kuna faili nyingine inakosekana, kisha Voi tena. Siri ya kampuni moja ya California ikageuka nauli ya mtu wa Taita.

Septemba 2010 Broadcom ilifungua draiva ya kadi zake mpya. Juni 2023 Debian 12 ikaja na programu ndogo nyingi za aina hiyo tayari ndani ya CD ya kusakinisha.

Waifai ikigoma leo, anza na kibodi: huenda kitufe cha Fn kimeizima. Andika rfkill list. Ukiona "Soft blocked: yes", andika rfkill unblock wifi. Ikiwa ni "Hard blocked", tafuta swichi au kitufe. Ikikataa bado, lspci itakuonyesha jina la kadi.

Na ukinunua laptopu ya mtumba, nenda na Linux kwenye flashi, uiwashe palepale dukani. Waifai isipoonekana, usilipe kwanza.