Jembe la Mwethya

Mtu asimamapo Kalimoni, baina ya Ruiru na Thika, siku isiyo na ukungu, akatazama upande wa mawio ya jua, huona Kilima Mbogo kimejiinua peke yake juu ya mbuga. Alipo yeye ni nchi iliyokuwa ya mashamba makubwa ya kahawa na katani, ambako watu walilima kwa mshahara. Nyuma ya kilima yaanza nchi ya Wakamba, nchi ya jua kali na mvua za kubahatisha. Huko nako jembe limefanya kazi kubwa, lakini bila mshahara. Na habari zake hazisimuliwi sana katika historia, labda kwa kuwa wengi walioshika jembe hilo walikuwa wanawake.

Zamani Mkamba aliyekuwa na kazi iliyomshinda peke yake, kama kufyeka shamba jipya au kuezeka nyumba, aliwaita jirani na jamaa zake. Walikuja wakaifanya, wakala chakula chake na kunywa pombe yake, wakaenda zao. Mkutano huo wa kazi uliitwa mwethya. Haukuwa na daftari wala msimamizi. Aliyesaidiwa leo alijua kuwa kesho ataitwa yeye, na hilo lilitosha.

Katika miaka ya 1930 nchi ya Machakos ilikuwa mahututi. Mipaka ya Kikoloni iliwafungia watu na mifugo mahali padogo, majani yakaisha, na kila mvua iliponyesha udongo mwekundu ulichukuliwa mtoni. Serikali ilisema kosa ni la ng'ombe waliozidi, na katika mwaka 1938 ikaanza kuwauza kwa nguvu. Wakamba wengi, wake kwa waume, walifunga safari mpaka Nairobi, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa wakitaka kusikilizwa na Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akahamishiwa Lamu. Lakini amri ile ya kuuza ng'ombe kwa nguvu iliachwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja amri nyingine: watu wachimbe matuta ya kuzuia mmomonyoko, watake wasitake. Wakati huohuo, katika miaka ya 1950, wafungwa wa Mau Mau walichimba kwa mikono mfereji wa kuyatoa maji katika Mto Thika na kuyapeleka uwanda wa Yatta. Mfereji huo umewafaa wakulima wa Matuu hata zama zetu hizi, lakini nani atasema kuwa waliouchimba walijitolea? Kazi njema yaweza kufanywa kwa njia mbaya, na mwanafunzi wa historia hana budi kuyatenga mambo hayo mawili.

Katikati ya miaka hiyo ndipo mwethya uliporudi. Wanavijiji waliachiwa wajichagulie viongozi wao na kuamua wenyewe waanze na shamba la nani. Kazi ambayo watu waliikwepa ilipoamriwa, sasa waliiendea wakiimba.

Siku ya mwethya ilianza alfajiri, kabla jua halijapata ukali. Wanaume wengi walikuwa mbali, Nairobi, Thika au katika reli, kwa hiyo waliofika na majembe, sururu na makepeo walikuwa wanawake, baadhi yao wamebeba watoto mgongoni. Kwanza ulipimwa mstari kwa kamba na pimamaji, ukiambaa mteremko bila kupanda wala kushuka, maana mstari ukikosewa maji hukusanyika mahali pamoja na kulibomoa tuta zima. Kisha walijipanga, wakachimba handaki la kina cha futi mbili hivi, na udongo wakautupa upande wa juu. Mvua baada ya mvua udongo ulioteremka ulizuiwa na tuta hilo, hata shamba likawa kama ngazi pana. Juu ya tuta zilipandwa nyasi zilizoshika udongo na kulisha ng'ombe. Chakula cha mchana kilikuwa mahindi na maharagwe, na safari nyingine kikundi kilikwenda shamba la mwingine.

Matuta hayo huitwa fanya juu. Wataalamu wa udongo wa nchi nyingi hutumia jina hilo katika vitabu vyao vya Kiingereza, wala hawalitafsiri. Maneno mawili mepesi ya kumwambia mchimbaji atupe udongo wapi yamevuka bahari!

Vikundi vingi vilitoza faini kwa asiyefika. Msomaji atauliza: palipo na faini pana kujitolea gani? Nami naona tofauti iko hapa, kwamba sheria hiyo waliitunga wachimbaji wenyewe, na yule aliyeitoa fedha alikuwa na sauti juu ya matumizi yake.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 matuta mengi yaliachwa kwa muda, kwa kuwa yalinukia ukoloni. Lakini katika miaka ya 1970 vikundi vilifufuka, safari hii bila kusukumwa na bwana shamba. Machakos ya zamani, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake, ilikuwa na watu wapatao 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 1989 walikaribia 1,400,000, na vilima vilivyodhaniwa vimekufa vilikuwa vimejaa matuta.

Tangu mwaka 1978 vikundi vya Utooni vimejenga pia kuta za mawe na saruji katika mito ikaukayo. Mvua ikinyesha mto huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani yake, mbali na jua. Mawe ya kuta hizo hukusanywa na wanakijiji wenyewe, na kiangazi kikifika hufukua mchanga na kuteka.